Tabo kubwa kwenye injini ya lita mbili: niliyopitia na Forester yangu huku Mtwara

Naandika hii kwa ajili ya yeyote anayetaka kununua gari la tabo (ile feni inayosukumwa na moshi wa injini ili kuijazia injini hewa) ambalo limeshabadilishwa, au ambaye tabo yake imekufa na anaambiwa "weka kubwa tu, itakimbia". Hasa nyie wa huku kwetu, Mtwara, Lindi, Masasi, Newala, maana Subaru na zile Mark II za tabo zinashuka sana kutoka Dar siku hizi na nyingi zimeshachokonolewa na mwenye nazo wa kwanza, alafu huku mafundi wa kuzielewa ni wa kuhesabu. Mimi imenila hela na usingizi, sitaki mwingine apite humo humo.

Gari ni Forester SG5 ya 2005, injini EJ205 ya lita 2, giaboksi otomatiki ya gia nne. Kiwandani Japani lilitoka na tabo ndogo ya Mitsubishi, TD04, nguvu farasi 220, ambazo kwa gari la familia ni nyingi tu. Langu nililikuta hiyo imeshatolewa, imefungwa nakala ya Kichina ya TD06, kubwa zaidi, yenye gurudumu (feni ya ndani inayosukuma hewa) la 20G, tabo ambayo watu huwa wanaifunga wakitafuta farasi 350 na kupanda. Muuzaji aliweka milioni 2 juu ya bei ya Forester za kawaida kwa sababu ya hiyo tabo. Gari lenyewe lilikuwa safi, bodi haijaguswa, oili safi, halichemshi, na kwenye foleni za Dar huwezi kujua kingine chochote zaidi ya hapo, ukikanyaga kidogo unakutana na bajaji mbele yako. Nililipa nikiwa na furaha kabisa.

Dalili zilianza njiani kurudi nyumbani, baada ya Daraja la Mkapa, pale barabara inapofunguka kuelekea Somanga. Gari zito. Yaani ukikanyaga nusu linaenda kama halina tabo kabisa, Rav4 ya kawaida inakupita, ukikanyaga mpaka chini linashusha gia, linapiga kelele, halafu ghafla linarusha shingo nyuma. Siku ile nilidhani ndo tabia ya gari la nguvu, lazima ulizoee.

Ila kazi yangu ni ya kuzunguka kwenye maghala ya korosho, na msimu ukishafunguka Oktoba huko mimi nipo barabarani karibu kila siku, Mtwara kwenda Masasi, Masasi kwenda Newala, Tandahimba, kurudi. Na barabara ya Mtwara mpaka Mnazi Mmoja na kuendelea Masasi wanaoijua wanajua, siku hizi kuna malori ya makaa ya mawe yanayotoka Ruvuma kwenda bandarini, yanakuja kwa msururu, marefu, na yale ya saruji yanayotoka Mtwara. Kwaiyo maisha yako yote ni kuovateki.

Sasa ngoja nieleze jinsi kuovateki kulivyokuwa, maana hapa ndo tatizo lote lilipo na mtu akielewa hapa ameelewa kila kitu. Uko nyuma ya lori maeneo ya Mpapura, spidi 70, mshale wa mizunguko uko chini ya elfu mbili. Mbele kweupe. Unakanyaga nusu, gari linabaki limepoa, mshale wa presha ya tabo hautoki kwenye sifuri. Unaongeza mpaka mwisho, giaboksi inashuka gia ya pili, mizunguko inaruka elfu nne, bado, elfu nne na mia tano, hapo ndo presha inakuja yote kwa mpigo na usukani unakuwa mwepesi mkononi. Unapita tela la kwanza. Mshale unafika elfu sita na nusu, spidi mia na kitu, giaboksi inapanda gia ya tatu, na mizunguko inaporomoka mpaka elfu nne na ushee. Tabo inalala tena. Uko upande wa kulia wa barabara, ubavuni mwa lori, gari limekatika nguvu, na mbele kuna kona. Kuna siku nilikuwa na mke wangu na mwanetu mdogo nyuma, nilirudi nyuma ya lori nikiwa natetemeka na mke wangu hakusema neno mpaka tumefika Mikindani. Pale akaniambia, "Baba Salma, hili gari litatuua, liuze."

Sikuliuza. Nilitaka kujua kwanza kwa nini.

Fundi wangu yuko Chikongola, ni mzee wa makamo, maisha yake yote katengeneza Land Cruiser na Fuso, Subaru hazipendi hata kidogo. Nikampelekea. Akafungua boneti, akatoa bomba la hewa, akaangalia mdomo wa tabo, akachukua kipimo chake cha milimita akapima gurudumu, zaidi ya milimita 52. Akauliza, "Injini lita ngapi?" Nikamwambia mbili mzee. Akafuta mikono akasema, "Mwanangu, hili ni pafu la mtu mzima ndani ya kifua cha mtoto. Mpaka alijaze, mbio zimeshaisha."

Kisha akanipigia hesabu kwa chaki kwenye sakafu, na hiyo hesabu naomba muishike maana ni nyepesi na haina ujanja. Injini ya mipigo minne inavuta hewa mara moja kwa kila mizunguko miwili. Kwaiyo injini ya lita 2 inavuta lita 1 tu kwa kila mzunguko. Mizunguko 3000 kwa dakika, lita 3000. Kiuhalisia haijai yote, chukua kama asilimia 85 hivi kwa injini zetu hizi. Sasa chukua 2JZ, injini ya Toyota ya lita 3, ile ya Supra, yenyewe inavuta lita moja na nusu kwa kila mzunguko. Kwahiyo moshi ambao 2JZ inautoa ikiwa kwenye mizunguko 3000, injini yangu mpaka niizungushe 4500 ndo itoe moshi ule ule. Na tabo inasukumwa na moshi, haijui jina la gari. Tabo inayoamka mapema kwenye lita 3, kwenye lita 2 itaamka kwa kuchelewa na hakuna fundi wa kukwepa hiyo.

Nilirudi nyumbani Shangani nikakaa na hizo namba mpaka usiku mkubwa. Gari langu kwenye gia ya nne, spidi 100, linazunguka kama 2500. Spidi 80 ni kama 2000. Tabo yangu inaamka 4500. Yaani mimi mwendo wangu wote wa kila siku, Mtwara mpaka Masasi, karibu kilomita 200, nilikuwa naendesha injini isiyo na tabo huku nimebeba uzito na joto la tabo. Na otomatiki ya gia nne inazidisha tatizo kwa sababu gia zimeachana sana, kila ikipanda gia mizunguko inaanguka theluthi nzima. Mwenye manyuo (gia za mkono) ya gia tano au sita anaweza kuishikilia juu, mimi siwezi. Ndo maana nasema ukichagua tabo angalia giaboksi pia, watu wengi hawaizungumzii kabisa hii.

Kuanzia hapo nikawa nasoma kila nikipata nafasi. Kitu kimoja kilichonifungua macho ni 1JZ-GTE ya Toyota, hizo zilizoko kwenye Mark II na Chaser ambazo hapa Mtwara na Lindi zipo. Ya kwanza ilikuwa na tabo mbili, lita 2.5, farasi 280, na nguvu yake kubwa ya kuvuta ilikuwa kwenye mizunguko 4800. Mwaka 1996 wakaibadilisha, wakaweka VVT-i (mfumo unaobadilisha muda wa vali kufunguka) na tabo moja ya CT15, farasi zikabaki 280 zile zile kwenye karatasi, lakini ile nguvu kubwa ya kuvuta ikawa inapatikana mapema, kwenye mizunguko 2400. Fikiria hapo. Injini ile ile ukubwa ule ule, farasi hazijaongezeka hata moja, ila aliyeendesha zote mbili atakwambia hazifanani, ya pili inaondoka ukigusa tu. Kwaiyo mtu akikutajia farasi peke yake hajakwambia kitu, muulize zinapatikana kwenye mzunguko wa ngapi.

Na hata wakubwa wa mashindano walipita humo. Renault walipoingia Formula 1 na tabo mwaka 1977, injini ilikuwa lita moja na nusu na tabo moja kubwa, dereva anakanyaga anasubiri. Mwaka 1979 wakaweka tabo mbili ndogo badala ya ile moja, kila moja inalishwa na silinda tatu, na mwaka huo huo wakashinda mbio za Ufaransa pale Dijon, ushindi wa kwanza wa gari la tabo kwenye Formula 1. Wale walikuwa na kila kitu, pesa, wahandisi, na bado jibu lilikuwa kupunguza ukubwa wa tabo ulingane na hewa inayotoka kwenye injini.

Wakati huo huo gari lilianza kitu kingine kilichonitisha zaidi. Nikiwa napanda kwenda Newala, mlima umekaza, joto la mchana, ikishika presha nasikia mlio mkavu wa kugongagonga, kama changarawe kwenye kopo. Fundi wa Chikongola nilipomwelezea akanikataza kabisa kulikanyaga, akasema petroli inalipuka kabla ya wakati wake humo ndani, na hizi Subaru zinajulikana, kingo za pistoni zinazoshika ringi zinavunjika. Kuanzia siku hiyo nikawa naendesha kwa mguu mwepesi mpaka nikapata nafasi ya kwenda Dar kwa fundi wa programu, yaani anayepanga kompyuta ya injini.

Huyo wa Dar alichomeka kipimo cha mchanganyiko wa hewa na petroli kwenye bomba la moshi tukatoka kuelekea Bagamoyo usiku barabara ikiwa tupu. Matokeo yalinikata maini. Ukiwa kwenye mwendo wa kawaida mchanganyiko unakaa 14.7, sehemu hizo za hewa kwa moja ya petroli, hapo ni sawa. Ila ukiwa kwenye presha injini ya tabo inatakiwa inywe petroli nyingi, iwe kama 11 na kitu, petroli ile ya ziada inapoza chumba cha mlipuko. Langu kwenye mizunguko 5500 lilikuwa linapanda mpaka 12.8 na linazidi, na namba ikipanda maana yake petroli imepungua. Sababu ni nyepesi sana: aliyefunga tabo alifunga tabo tu. Injekta (zile zinazopulizia petroli kwenye injini) za kiwandani, pampu ya petroli ya kiwandani, programu ya kiwandani. Hewa imeongezeka, petroli haijaongezeka. Alafu ongeza petroli yetu, maana hizi gari zilipangwa kule Japani kunywa hai-oktani, petroli isiyojilipukia ovyo, ya karibu 100, vituo vyetu huku hiyo hakuna.

Na ongeza joto la pwani. Hapa Mtwara hewa inaingia ikiwa na digrii 30 na zaidi. Ukiikandamiza mara mbili, yaani presha ya bar 1, hata tabo ikiwa inafanya kazi vizuri hewa inatoka na joto la digrii 120 na kitu, kabla ya interkula, yaani kipoza hewa. Interkula ya Forester iko juu ya injini, inategemea upepo wa tundu la kwenye boneti. Ukiwa nyuma ya lori kwa mwendo wa pole kwenye mlima, upepo haupo, interkula yenyewe inageuka jiko. Ndo unaovateki ukiwa hapo. Mtu wa Arusha na mtu wa Lindi hawawezi kupangiwa programu moja, na nawaambia mkiwa Dar mkafanyiwa programu usiku kwenye ubaridi, mwambieni fundi kabisa gari linaenda kuishi wapi na linapanda wapi, aache nafasi ya usalama kwenye programu.

Sasa uchaguzi. Fundi wa Dar alinipa njia tatu na akanipa na gharama, bila kunisukuma.

Njia ya kwanza ni kuikamilisha ile 20G. Tulipiga hesabu: kilo moja ya hewa kwa dakika inatoa kama farasi 22. Injini yangu kwenye mizunguko 6000, kwa hewa ya huku, bila tabo inavuta kama kilo 6 kwa dakika. Ukiiwekea presha ya bar 1 na interkula nzuri inakuja kama kilo 10, ni farasi 220, unaona inaangukia pale pale Subaru walipopanga. Kutafuta farasi 400 unahitaji kilo 18. Lita 2 kuipitisha kilo 18 lazima uizungushe 7000 na presha ya bar 2. Hapo pistoni za kufua, konrodi, injekta kubwa, pampu, interkula ya mbele, giaboksi ya otomatiki itakayokufa, na petroli ambayo haipo. Zaidi ya milioni 10 na bado gari litaamka 4500.

Ya pili ni kuweka ya katikati, 16G, ambayo ni ndugu wa zile walizofunga Mitsubishi kwenye Lancer Evolution za mwanzo, nazo lita 2. Hii ni tabo nzuri kwa lita 2 kama una manyuo na unataka nguvu ya kati na ya juu. Inaamka kwenye 3500 hivi. Ila inataka injekta na programu. Kwa mwenye Subaru WRX ya manyuo ningemwambia aichukue leo.

Ya tatu ni kurudisha TD04.

Nilirudisha TD04. Kusema kweli iliniuma. Nilikuwa nimelipia milioni 2 kwa ile kubwa, na vijana wa pale stendi ya Mtwara walishanizoea kwa lile jina la gari la tabo kubwa, wakaniambia unarudi nyuma. Kuna siku nilikaa kwenye gari nimelizima nawaza kwamba labda nivumilie nikusanye hela nikamilishe ile njia ya kwanza. Kilichoniamulia ni kile cha Mpapura, na mtoto kiti cha nyuma.

Tabo yenyewe nilinunua Gerezani, Dar, yuzdi ya Japani, laki 4 na nusu. Hapa nawapa ninachojua kwa vitendo. Usiamini kibati cha jina, nakala za Kichina kibati kinaandikwa chochote, pima gurudumu kwa kipimo. Shika ncha ya shafti kwa vidole, itikise kulia na kushoto: kucheza kidogo ni kawaida kwa sababu shafti inaelea kwenye oili, bila oili lazima icheze kidogo. Ila ivute na isukume kwenda ndani na nje, hapo isicheze hata kidogo, ikicheza rudisha. Pitisha kidole kwenye mapanga ya gurudumu la hewa, ukisikia yamelika au yamekwaruza nyumba yake, rudisha. Chungulia upande wa moshi, kukiwa na oili mbichi achana nayo. Muuzaji akikukataza kushika, ondoka.

Kwenye kufunga fundi wangu wa Chikongola alifanya taratibu na hapo nilimheshimu zaidi. Alibadilisha gasketi zote, akasafisha njia ya oili yote, akatoa ile bolti yenye tundu inayoleta oili akakuta kachujio kadogo ndani yake kameziba nusu kwa masizi. Ninyi wenye Subaru kakagueni hicho kichujio, tabo inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, ikikosa oili hata kidogo tu imekwisha na vipande vinaweza kuingia kwenye injini. Akaweka oili kwenye tabo kwa sindano, akachomoa umeme wa injekta akapiga starta mpaka taa ya oili ikazima, ndo akawasha. Alafu tukapuliza mabomba ya hewa kwa presha tukiwa tumepaka povu la sabuni, tukakuta mpira mmoja umepasuka chini ambapo huwezi kuuona.

Gharama jumla: tabo laki 4.5, basi la kuileta elfu 15, gasketi, oili, kulenti na mipira laki 2 na ishirini, plagi laki moja, ufundi laki 2, programu Dar laki 6. Inakaribia milioni 1.6, bila nauli na kulala. Ukiongeza ile milioni 2 ya mwanzo unaona mwenyewe.

Baada ya programu mchanganyiko kwenye presha unakaa 11.2 mpaka juu, mlio wa changarawe haupo tena. Na kuendesha, aisee. Mizunguko 2800 presha imeshakamilika. Pale Mpapura nyuma ya lori nakanyaga nusu tu, gari linabaki gia ya tatu, linavuta laini bila kurusha mtu, napita tela zote mbili na narudi upande wangu giaboksi ikiwa haijajua hata kama kuna kazi. Wese limepungua pia kwa sababu siliungurumishi tena kutafuta nguvu.

Siwafichi kwamba kuna nilichopoteza. Juu ya mizunguko 5500 TD04 inaishiwa pumzi, unahisi kabisa imefika mwisho, wakati ile kubwa ndo ilikuwa inaanza. Kwenye barabara iliyonyooka tupu, mtu wa 20G iliyokamilishwa atanipita na ataendelea kupita. Ni haki yake. Mimi njia zangu hazina hiyo barabara.

Na msidhani nasema ndogo ndo bora kila mahali. Kuna jamaa yangu wa Masasi ana Crown ya 1JZ, tabo yake ya CT15 ilikufa, gurudumu lake la upande wa moshi ni la seramiki, ukiiongezea presha linapasuka, na yeye aliongeza. Akaambiwa mpya ghali, wakamfungia tabo ya pikapu ya dizeli kwa sababu inafanana na ni bei ya chini. Lita 2.5 inapumulia kwenye tabo ndogo vile! Chini iliondoka vizuri sana, alifurahi, ila kuanzia 4000 moshi ulikuwa haupati pa kutokea, joto linarudi kwenye vichwa vya silinda, na hewa inayotoka kwenye tabo kuingia kwenye injini imechemka. Isitoshe moshi wa petroli unapita digrii 900 ukiwa kwenye kazi, wa dizeli nadra kufika 800, chuma cha tabo ile hakikupangwa kwa hilo. Nyumba ya moshi ilipata ufa, gurudumu likakwama, akavutwa kutoka Ndanda mpaka Masasi. Kwaiyo ni pande zote mbili, ikizidi kubwa inachelewa na wakati mwingine hewa inarudi nyuma kwa kukoroma ukiachia mafuta, ikizidi ndogo inakaba injini na kuipika.

Sasa mtu akinipigia simu kuniuliza tabo gani, namuuliza vitu kabla sijajibu: injini lita ngapi, giaboksi gani, spidi 100 mshale wa mizunguko unasoma ngapi, injekta na pampu ni zipi, na nani atafanya programu. Asiyejua mshale unasoma ngapi namwambia akaangalie kwanza.

Ile 20G bado ninayo, imefungwa kwenye nailoni stoo. Kuna kijana wa Lindi ana Subaru ya lita 2.5 ya manyuo anaitaka. Nimempigia hesabu ile ile: yake inavuta lita moja na robo kwa mzunguko, kwaiyo ilipoamka kwangu 4500, kwake itaamka kama 3600, na kwa manyuo anaweza kuishi nayo. Ila nimemwambia pistoni za kiwandani za hizo lita 2.5 kingo zake nazo ni dhaifu, na kwamba tabo simpi mpaka anioneshe injekta, pampu na siku aliyopangiwa na fundi wa programu. Injekta ameshanunua, pampu anategemea korosho za baba yake zikishalipwa.